Ukingo wa Meza ya Mama Mkwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akampa mwingine sifa yangu. Wagombea hawakukosekana: shemeji yangu alijitahidi sana siku ya Jumamosi, na paka wa jirani aliwahi kukalia pasi ya moto mara mbili kwa wiki moja. Lakini aliyechomeka mashine ya msasa kwenye umeme, akaipitisha juu ya meza ya marehemu huku akipiga mluzi, ni mimi.

Kazi yangu ni useremala wa rafu za madukani. Ukiingia duka ukaona mkono wako umekwenda kwenye kitu kabla hujaamua kukinunua, jua fundi wa aina yangu alipita hapo. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi walinifunza wote wawili, na bado mama mkwe akaona kuna sehemu hazijaiva. Karakana yangu ya kwanza iliungua na mbao zake zote. Ya pili mwenzangu aliihamisha usiku mmoja bila kuniambia inahamia wapi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto nilikiacha kwenye msumeno. Siku niliyorudi kutoka hospitali na bandeji yangu, mama mkwe aliitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Bwana Milimita amejipunguza." Toka hapo jina likanata. Nilimheshimu mno mama yule, na katika miaka kumi na moja sikumshinda kwa neno hata siku moja.

Alikuwa akiishi nasi. Chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa linalotazama ua, kilikuwa chake na mke wangu. Humo ndimo walimoshona nguo za wanawake wa mitaa mitatu. Mama alipima na kukata, mke wangu akaunga na kumalizia. Hawakuwahi kubadilishana. Mimi humo niliingia labda mara tatu, na zote wakati wa kubadilisha balbu, kwa sababu wateja walivua nguo wapimwe. Nilikuwa nabisha hodi, mlango unafunguka kwa upana wa kikombe, kikombe cha chai kinaingia, mlango unafungwa. Ninachokijua cha chumba kile ni sauti: cherehani ikikimbia, mkasi ukitafuna kitambaa, na wanawake wawili wakicheka jambo ambalo lilikoma kila nilipokaribia. Nahisi jambo lenyewe lilikuwa mimi.

Mama mkwe alifariki kwa ugonjwa wa siku nne. Tulipotoka kuzika, mke wangu alikifunga chumba kwa ufunguo. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao jinsi walivyovileta, havijakatwa. Mwezi wa kwanza nikasema ni msiba. Mwezi wa tatu nikaanza kuhesabu vijiko: mke wangu alikuwa anakula vitatu, anasogeza sahani, anasema ameshiba. Mwezi wa tano nikiwa jikoni nafuta sufuria nikamsikia anaongea na dada yake kwenye simu.

"Njoo Jumamosi na gari, uchukue cherehani. Hapana, sijakasirika. Mimi sishoni tena, dada. Aliyekuwa anakata hayupo."

Nilibaki na sufuria mkononi. Wengine wanapofiwa hulia, nawe unajua la kufanya: unampa kitambaa, unakaa karibu. Huyu wangu hakulia. Alikuwa anaondoka taratibu akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, na cherehani ikitoka mlangoni nilijua na yeye hatakuwa mbali. Nilichokitaka ni kimoja tu: akae tena mbele ya ile mashine.

Sasa mtu mwenye nyundo kila tatizo huliona msumari, na mtu wa rafu huliona ni la mpangilio. Nikajiambia, ni chumba. Nani anaweza kurudi kufanya kazi kwenye chumba kama kile? Nikaomba ufunguo Jumatatu asubuhi. Akanipa bila kuuliza wa nini, na hilo pekee lilitosha kunitia baridi kama ningekuwa na akili.

Chumba kilikuwa kimejaa kama mfuko wa mwendawazimu. Vitambaa vimelala juu ya viti, vifungo kwenye makopo ya maziwa, zipu zimening'inia kwenye msumari mmoja kama samaki waliokaushwa. Nilifanya kazi siku mbili na sitaona haya kuisifu. Ukuta mzima niliuwekea ubao wenye matundu, kila kifaa kwenye ndoano yake, na nyuma ya kila kifaa nikachora umbo lake kwa rangi nyeupe ili ukikitoa ujue kinaporudi: mkasi mkubwa, mkasi mdogo, futi, mto wa pini, na kisu kidogo cha kukunja cha marehemu, chenye mpini wa pembe. Vifungo nikavitia kwenye chupa za kioo, nikafunga vifuniko vyake chini ya rafu kwa skrubu, ukitaka kifungo unaizungusha chupa inashuka mkononi. Nyuzi nikazipanga kwenye vijiti vilivyolala. Vitambaa nikavipanga kwa rangi, toka cheupe mpaka cheusi, rafu ikawa kama upinde wa mvua uliopigwa pasi. Nikatoa pazia, nikasugua kioo cha dirisha mpaka ua ukaonekana uko ndani.

Ikabaki meza. Ilikuwa meza ndefu ya mbao ngumu, imara, lakini kingo zake zilikuwa zimechakaa vibaya. Zote zilikuwa zimejaa mikato, mamia, mingine mirefu, mingine imepishana, mingine imekutana kama unyayo wa kuku. Nikadhani ni kisu kilichokuwa kikiteleza miaka yote ile, au watu wasio na kazi. Mimi mbao yenye kovu hunikera. Nikachukua mashine ya msasa.

Ilinichukua mchana mzima wa Jumanne. Vumbi lilitoka jekundu. Kingo zikawa laini kama shavu la mtoto, nikapaka vanishi mara mbili, nikasimama mlangoni nikaona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwita.

"Bibie, njoo uone. Funga macho kwanza."

Hakufunga macho, lakini alikuja. Alisimama katikati ya chumba akatazama ubao, chupa, nyuzi. Kidogo niliona kitu usoni mwake, kama mtu anayesikia jina lake kwa mbali. Kisha akaenda mezani, akaweka kiganja kwenye ukingo wa mbele, akakivuta polepole kutoka kona mpaka kona. Akarudia, safari hii kwa ncha za vidole. Akainama akatazama.

"Umezipeleka wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Alama."

"Zile za visu? Nimezitoa. Ona inavyong'aa."



"Mama hakujua kusoma namba," akasema. "Kila mtu aliyemshonea alimweka hapa. Ukingo wa mbele kiuno, wa nyuma kifua, wa pembeni mabega. Unaanzia kwenye kona, unasimama kwenye alama ya mtu. Mimi nilikuwa unyayo wa kuku, toka nina miaka saba. Dada alikuwa mikato miwili. Wateja wote walikuwa hapa. Wengine walishakufa, walikuwa hapa." Akafuta vumbi vidoleni. "Umefuta watu."

Akatoka. Usiku ule hata vile vijiko vitatu hakula.

Jumatano saa sita mchana niliingia chumbani kuchukua vifaa vyangu. Jua lilikuwa limeingia lote, kila kitu kiko kwenye umbo lake, kimya, na harufu ya vanishi. Na kwenye ukingo wa mbele wa meza palikuwa na alama. Mikato mitatu iliyokutana chini, unyayo wa kuku, mipya, mbao yake ya ndani bado nyekundu kama ufizi.

Nilifikiri ni mke wangu, nikafurahi. Nikasema, ameanza kurudi. Nikaenda sebuleni, nikamkuta kwenye kiti chake.

"Umepita chumbani leo?"

"Mimi? Chumba kile si chako sasa?"

Hakuwa mtu wa kudanganya, hajawahi kujua kazi hiyo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikarudi. Nikashusha kile kisu kidogo kutoka kwenye ndoano, nikakikunjua. Kwenye makali palikuwa na unga mwekundu wa mbao.

Niliamua kufanya analolifanya fundi akikutwa na jambo asilolielewa: nikaliziba. Nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikajaza mikato, nikapiga msasa kwa mkono, nikapaka vanishi. Kabla ya hapo lakini, mkono una mazoea yake, nilipima. Kutoka kona mpaka alama, sentimita sabini na nne.

Alhamisi, saa ileile, ilikuwepo nyingine. Unyayo uleule wa kuku, sentimita moja karibu zaidi na kona. Sabini na tatu.

Nikakaa kwenye kigoda. Nje mtu alikuwa anakung'uta zulia, kitoto fulani kilikuwa kinalia kwa uvivu, dunia ilikuwa inaendelea na mambo yake. Nikajiambia, mama mkwe amekasirika nami kwa ajili ya meza, ana haki, anachonga tena. Lakini hakuwa akichonga wateja. Alikuwa akimchonga mmoja tu, na kila siku alikuwa anampunguza.

Nilikata kamba, nikaishika mkononi, nikaenda sebuleni, nikamkumbatia mke wangu kwa nyuma.

"Umepatwa na nini?" akasema.

"Mapenzi. Huwa yanakuja Alhamisi."

"Yana kamba?"

"Ni ya kukufunga usitoroke."

Akatoa pumzi puani, kicheko cha kwanza kwa miezi mitano, kama kilikuwa kicheko. Nilipobana kamba nilihisi mbavu zake kupitia gauni, moja moja, kama vijiti vya nyuzi kwenye rafu yangu. Nikaipeleka kamba kwenye futi. Sabini na nne.

Nikapumua. Basi marehemu amekosea, nikasema, amekosea kwa sentimita nzima, na yeye hakuwahi kukosea hata nywele, kwa hiyo si yeye. Labda ni mbao inafunguka kwa joto. Labda ni mdudu. Niliziba, nikapaka, nikalala kama mtu aliyeshinda kesi.

Ijumaa asubuhi nikamkumbatia tena. Kamba ikasema sabini na tatu.

Nimeona moto ukila karakana yangu na nimeona kidole changu kikiwa upande wa pili wa msumeno, na ninasema kweli, hakuna kilichonitetemesha kama namba ile. Alama ya Jumatano ilikuwa kiuno chake cha Alhamisi. Ya Alhamisi ilikuwa cha Ijumaa. Meza ilikuwa ikimjua siku moja kabla yangu.

Saa tano na nusu nilifungua chumba, nikakaa kwenye kigoda mbele ya ukingo, macho pale pale. Nilimtazama mdudu wangu wa kubuni asije akanipita. Kisu kilikuwa kwenye ndoano yake, ndani ya umbo lake jeupe, nakiona kwa pembe ya jicho. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mwanga ulikuwa mwingi mno, ule wa mchana usioacha kivuli hata chini ya meza.

Nilisikia kwanza. Sauti ndogo kavu, kama mtu anayekwangua ukoko chini ya sufuria akiwa na adabu. Kisha vanishi yangu ikanyanyuka mahali pamoja, ikajikunja kama ngozi ya maziwa, na mbao ikafunguka taratibu. Mkato mmoja. Unga mwekundu ukadondoka sakafuni karibu na kiatu changu. Mkato wa pili ukaanza.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya nililofundishwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mkato ukasimama. Ulisimama katikati, kama fundi aliyekatizwa na mgeni mwenye maneno mengi. Nilihisi natazamwa kuanzia utosini mpaka kwenye kigutu cha kidole changu. Halafu kazi ikaendelea. Ukaisha wa pili, ukachongwa wa tatu, ukakutana na wenzake chini, safi, bila kuruka. Kisu hakikuwa kimetikisika kwenye ndoano. Nilipokikunjua baadaye, makali yake yalikuwa na unga.

Sikuziba. Mikono ilikataa kushika gundi. Nilipima tu, mara tatu, jinsi tunavyofanya tusipotaka kuamini. Sabini na moja na nusu. Ilikuwa imeruka.

Jumamosi asubuhi shemeji akafika na gari la kuazima. Ni dada mkubwa wa mke wangu, muuguzi, mwanamke anayeingia nyumbani kwako kama anaingia wodini: kwanza anafungua madirisha, kisha ndiyo salamu. Nilimpokea getini, nikamwambia yote palepale kabla hajazima gari. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Nipeleke nione," akasema.

Alisimama mlangoni mwa chumba, akakataa kuvuka kizingiti. Niliingia, nikamwonyesha kwa kidole. Akaitambua alama kwa mbali, nikaona ameshika fremu ya mlango.

"Shemeji, meza hii inatoka leo," akasema kwa sauti ya chini. "Cherehani inatoka, meza inatoka, unaipasua unaitia moto. Na mdogo wangu anakwenda kukaa kwangu."

"Kuichoma meza ya mama? Nimeisugua tu, ona yaliyonipata."

"Mama anamwita. Huoni? Anamshusha kidogo kidogo mpaka amfikie. Walikuwa hawaachani hata chooni, hawa."

"Hamwiti. Ananilipiza mimi."

"Wewe ni nani hata ulipizwe? Mtu afe kisha atumie muda wake kukulipiza wewe?"

"Alikuwa na muda wa kutosha akiwa hai."

"Ndiyo maana nasema, kichwa chako kina maranda. Mama anataka mtu wake."

"Mama anataka meza yake. Nikichonga upya zile alama zote..."

"Utazichonga kwa kumbukumbu ya nani?"

Ndipo tulipomwona mke wangu yuko nyuma ya dada yake kwenye korido, na gauni lake limemning'inia kama liko kwenye ndoano. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Alitupita, akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mbele, akaweka kidole ndani ya unyayo wa kuku, akakiacha hapo.

"Tangu lini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Jumatano."

"Na hukuniambia."

"Niliziba. Ya Jumatano na ya Alhamisi. Sikutaka uogope."

"Umeziba mara mbili," akasema, kama mtu anayesoma risiti. Akafungua mkanda wa gauni lake, akaushika pale ulipokutana kiunoni, akaulaza juu ya meza kutoka kona. Ncha yake ikaangukia katikati ya alama. Haikuzidi wala haikupungua.

Shemeji alisema, "Mdogo wangu, toka humo."

Mke wangu hakutoka. Alikuwa anatazama alama kwa namna ambayo sikuitegemea, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa amekata tamaa nayo. "Hivi ndivyo alivyokuwa anafanya," akasema. "Mteja akichelewa kuleta kitambaa, anampima upya. Hata kama ni jana tu alimpima. Alikuwa anasema kiuno cha jana hakikatiwi nguo ya leo. Anasubiri kitambaa tu. Siku nne nyumba nzima inampigia kelele na hakuna anayemletea kitambaa." Akageukia rafu zangu, akatafuta kwa macho, akakunja uso. "Nani amepanga vitambaa kwa rangi?"

"Mimi," nikasema.

"Vitambaa hupangwa kwa uzito. Hapa pamba imelalia hariri, tazama ilivyojikunja." Akavuta jora moja la bluu kutoka katikati ya upinde wangu wa mvua, vitambaa vingine vinne vikaanguka, akaviruka. Akalitupa jora mezani, likajifungua lenyewe mpaka upande wa pili. Akanyoosha mkono kwenye ubao akatoa mkasi mkubwa. Ukuta ukabaki na umbo jeupe lenye uwazi.

Mkasi ule hakuwahi kuushika kwa kazi katika maisha yake.

"Usikate," dada yake akasema. Sasa alikuwa amevuka kizingiti bila kujijua. "Ukikata kwa kipimo kile umemkubalia. Kesho atachonga kingine, keshokutwa kingine. Unataka ufike wapi?"

"Akate, shemeji. Kama mama anataka nguo ishonwe, ishonwe, amalize, alale."

"Wewe si ulisema anataka meza?"

"Nimebadilika. Mtu haruhusiwi kubadilika? Ila mwenzangu, kata kipana. Sabini na moja na nusu itakubana."

"Mama hakuwahi kukata kipana," shemeji akanijibu. "Mama alikata kama alivyopima. Anamwita, nakuambia, mimi ndiye mkubwa, mimi namjua."

"Ulimjua kwa simu. Mimi nimekula naye miaka kumi na moja."

"Kula ndiko unakokujua."

Tulikuwa mlangoni wote wawili, bega kwa bega, hakuna aliyekuwa ndani zaidi ya hatua moja. Dirisha lilikuwa upande wa pili wa meza. Nje jua lilikuwa kali, naliona likiunguza ua, hakuna wingu, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna mtu. Na juu ya kile kitambaa cha bluu pakaingia giza. Halikuwa kubwa. Lilianzia upande wa dirishani, likajilaza mezani polepole mpaka likafunika mikono ya mke wangu, pana juu na jembamba chini, kama la mtu mfupi wa mabega mapana aliyeinama kutazama kazi ya mwanafunzi wake. Shemeji alinishika mkono pale penye kigutu na akasahau kuuachia. Yeye ndiye aliyeendelea kusema, lakini kwa mnong'ono: "Umeona? Umeona? Mwache, mama, mwache, huyu mdogo." Nami kwa upande mwingine nilikuwa namwambia marehemu kwamba meza nitaitengeneza, alama nitazirudisha zote, aniambie tu jinsi. Tulikuwa tunambembeleza kila mtu kwa hoja yake, na hata katika hali ile tulikuwa tunakatizana.

Mke wangu alichukua chaki. Akaweka futi kwenye kona ya meza, akaivuta mpaka kwenye unyayo wa kuku, akasoma namba, akatikisa kichwa kukubali kama anavyokubali mtu aliyeletewa hesabu sahihi. Kisha akaendelea kuivuta. Akaupita unyayo, akapita mahali nilipoziba Alhamisi, akapita nilipoziba Jumatano, akasimama mbele zaidi. Hapo akaweka mstari wa chaki kwenye kitambaa. Mstari ukatoka umepinda. Hakuufuta. Akafungua mkasi, na lile giza juu ya mikono yake likasogea, likainama zaidi, mpaka mstari wenyewe ukawa hauonekani.

Hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ile ambayo kwa miaka kumi na moja niliisikia ikivuka mlango huu, kavu, ya mtu aliye kazini.

"Nyinyi wawili, anayejua mama anataka nini kuliko mimi aje akate yeye, la sivyo nyamazeni. Na wewe mama, kipimo chako nimekiona, hakina kosa, ahsante. Mimi nakata themanini, nitakula mpaka niijaze. Sasa sogea hapo dirishani, unaniziba mwanga."